Mashine ya kuangulia mayai isubiri

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi nyumbani karibu na Luanda, Kaunti ya Vihiga, kwenye shamba la nusu ekari. Nina mitetea 9 wa kienyeji na majogoo 2. Mitetea wanalalia vizuri na kila mmoja huangua vifaranga 10, hata 12, lakini wakifika miezi 3 nabaki na 2 au 3 tu. Halafu kila Desemba au Januari kuna kifagio kinachopita, wakubwa kwa wadogo. Mama mkwe anasema niwawekee pilipili na shubiri kwenye maji, na nitie kipande cha makaa kwenye kiota ili radi isiharibu mayai. Kijana wangu wa Nairobi anataka kunitumia mashine ya kuangulia mayai 64. Niikubali? Na katika haya ya mama, lipi ni la kweli?"

Jibu: Mwalimu, mwambie kijana asante, ila mashine isubiri. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha kwamba kuangua si tatizo la boma lako. Mtetea anayelalia mayai 13 akakutolea vifaranga 10 au 12 amefanya kazi ambayo mwenye mashine ndogo na umeme wa kukatikakatika anaiota tu. Vifaranga wako wanapotea wakiwa wameshatoka kwenye ganda, wanatembea, mnawaona. Ukiongeza idadi kabla ya kuziba pale wanapopotelea, utakuwa umeongeza wa kuzika.

Kuna na hesabu ya mayai. Yai la kuangua linatakiwa liwe halijapita siku 7 tangu litagwe, au 10 ukizidi sana. Mitetea 9 wa kienyeji hawatagi kwa pamoja: huyu anataga, yule analalia, mwingine anazunguka na watoto. Siku nzuri utaokota mayai 3 au 4. Kwa wiki ni kama 25, na hapo hujakaanga hata moja wala kumpikia mgeni. Hayo mengine ya kujaza 64 yatatoka wapi? Itabidi uyanunue sokoni, na huko hujui yalitagwa lini, yalikaa juani muda gani, wala kama mama yake aliwahi kuona jogoo.

Isitoshe, kifaranga wa mashine hana mama. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, usiku na mchana, likishushwa kidogokidogo kila wiki. Vihiga, alfajiri ya Julai, hata wewe unatafuta sweta. Watu huweka jiko la makaa kwenye chumba walichokifunga vizuri, na asubuhi wanakuta kundi zima limekufa kwa hewa yenye sumu. Mitetea wako wanalitoa joto hilo bure.

Tuanze na kifagio, maana kikipita hicho, mengine yote nitakayokueleza ni kazi bure.

Hukutaja dalili, lakini ugonjwa unaofagia wakubwa kwa wadogo ndani ya siku chache na kurudi kila mwaka majira yaleyale, mara nyingi ni kideri, ule ambao agroveti, wenye maduka ya dawa za mifugo, watakuambia ni Newcastle. Utaona kuku anahara kijani, anahema mdomo wazi, mabawa yamelegea, na baadhi shingo inajipinda hadi kichwa kinaangalia mgongo. Ni virusi. Ulitambuliwa mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na hadi leo hauna tiba. Kuna chanjo peke yake.

Kwa nini Desemba? Ni sisi wenyewe. Magari yanateremka kutoka Nairobi na Nakuru, kila boma linataka kuku wa sikukuu, wachuuzi wanakusanya kuku wa vijiji vingi kwenye tenga moja hadi sokoni, na yule ambaye hakupata mnunuzi anarudishwa nyumbani jioni baada ya kushinda amebanana na wagonjwa. Halafu kuna kuku wa zawadi. Huku kwetu mgeni wa heshima hufungiwa jogoo miguu akaondoka naye, na anayekwenda ukweni haendi mikono mitupu. Sitakuambia ukatae kuku wa shemeji! Mpokee kwa mikono miwili, ushukuru, kisha mfungie peke yake mbali na wenzake kwa wiki 2 hadi 3, na chombo chake cha maji. Au mchinje siku hiyohiyo, utumbo na manyoya ufukie shimoni. Wengi hutupa manyoya chini ya migomba, na dakika kumi baadaye kuku wa nyumbani wako hapo wanaparua.

Jambo jingine ambalo majirani hawapendi kuambiwa: kuku wakianza kufa, watu hukimbiza waliobaki sokoni wauze kabla hawajafa. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyohamia kwa mwingine, na msimu ujao unarudishiwa wewe.

Chanjo inayofaa kijijini ni ya matone ya jicho, aina inayoitwa I-2, ambayo hustahimili joto kuliko zile za zamani. KEVEVAPI, shirika la serikali linalotengeneza chanjo za mifugo, hutengeneza chanjo ya Newcastle hapahapa Kenya, kwa hiyo si kitu cha kuagiza ng'ambo. Kustahimili joto hakuna maana uiache dirishani. Itoe dukani ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Fanya kazi jioni, kuku wakiwa wameshaingia ndani, usije ukakimbizana nao shambani. Mshike alale ubavu, jicho moja likiangalia juu. Kichupa kisimame wima, mdomo chini, kisiguse jicho. Tone moja lidondoke. Subiri apepese, lizame, kisha mwachilie. Jicho moja latosha.

Kinga huchukua wiki 1 hadi 2 kujijenga na hukaa miezi 4 hivi. Kwa hiyo kalenda yako iwe mwanzo wa Novemba, Machi na Julai, kila mwaka, hata kama hakuna kuku anayeumwa kijiji kizima. Hasa kama hakuna anayeumwa. Chanjo ni ya wazima. Ukimchanja aliyeanza kuugua humwokoi, na mikono yako inabeba ugonjwa kwenda kwa anayefuata. Vifaranga wanaozaliwa katikati ya kalenda wape tone lao wakiwa na wiki 3 hivi, kisha waingie kwenye zamu ya wakubwa.

Utagundua kwamba kichupa kina dozi nyingi, mara nyingi 100 au zaidi, na kikishachanganywa hakiwekwi akiba ya msimu mwingine. Hiyo ni sababu nzuri ya kubisha hodi kwa majirani. Mchange, mchanje jioni moja, ukoo mzima hadi kwa yule mzee asiyependa mambo ya daktari. Kuku wa nusu ekari hawajui mpaka wa shamba, na wako watakuwa salama zaidi wa jirani wakiwa salama. Ukiwa agroveti, uliza pia chanjo ya Gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku wadogo), ambayo hutiwa kwenye maji vifaranga wakiwa na wiki 2, na ya ndui ya kuku.

Sasa wale wanaopotea mmojammoja.

Fuata siku moja ya mama kuku wako. Alfajiri anatoka na watoto 12 kwenye umande, wanalowa hadi tumboni. Kabla ya saa nne mwewe ameshachukua mmoja. Nguchiro aliyejificha kwenye ua wa miti anachukua mwingine. Mmoja aliyelowa anaachwa nyuma kwenye nyasi, analia kidogo, jioni hayupo. Mwingine ametumbukia kwenye karai la maji ya ng'ombe. Usiku, panya wa jikoni. Mama yao anawajali sana, lakini kazi yake aliyozaliwa nayo ni kutembea na kuparua, na watoto wanakufa kwa kutembezwa. Dawa ni kuwafungia yeye na watoto wiki 4 za kwanza, uwalishe hapo.

Nakusikia ukiuliza: mitetea 9, kila mmoja na watoto wa umri wake, niwajengee vijumba 9? Hapana. Ujanja ni kuwaanguisha pamoja, na hapa ndipo ningetaka uweke bidii yako yote.

Mtetea wa kwanza akianza kung'ang'ania kiota, usimpe mayai yake yote. Mwachie mayai 2 ya zamani uliyoyatia alama ya penseli, ya danganya toto. Mengine weka mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikiangalia chini, bila kuyaosha. Subiri wa pili na wa tatu nao wapate hamu ya kulalia. Katika kundi la 9 haichukui muda mrefu. Wakifika watatu, usiku mmoja ondoa yale ya zamani na umpe kila mmoja mayai mapya 12 hivi, yasiyozidi siku 10, ambayo umeyaokota kwa mitetea wote. Tia alama haya pia, kwa sababu kuku mwingine atapita mchana na kuongeza lake, na yai la siku ya tano katikati ya wenzake linaharibu mpango wote. Lisilo na alama litoe ukale.

Usiku wa siku ya 7, zima taa, washa tochi ya simu na uweke yai juu ya mwanga. Lenye uhai lina mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui kutoka kwenye kitone cheusi. Lisilo na kitu ni jeupe moja kwa moja, kivuli cha kiini tu. Hayo yasiyo na kitu yatoe yote. Siku ya 21, hata ukipoteza kadhaa, una vifaranga 30 hivi wa umri mmoja. Usiku, kabla mama hajazoea sura za wake, gawa vifaranga wote kwa mitetea 2 walio wapole wa kulea, uwasukumie chini ya mabawa gizani. Asubuhi watahesabu wote ni wao. Yule wa tatu mlishe vizuri na umwache na jogoo. Atarudi kutaga mapema.

Faida ya pili iko hapo. Kwa mtindo wa kuachia, mtetea huzunguka na watoto wiki 8 hadi 12 kabla ya kufikiria yai lingine, ndiyo maana kuku wa kienyeji hufikisha mizunguko 3 hivi kwa mwaka. Ukimtoa watoto wakiwa na wiki 4, unaokoa miezi mizima. Lakini usimwonee. Anayelalia hula kidogo mno na hukonda. Mtetea akilalia mara mbili mfululizo, mpumzishe.

Kabla ya kumweka kwenye mayai, mkague. Pindua manyoya chini ya mkia na chini ya mabawa utafute chawa, na uangalie kuzunguka macho kama kuna viroboto vile vyeusi vinavyojibana kwenye ngozi na havitoki. Hao watahamia kwa vifaranga siku ya kwanza, na kifaranga wa siku 3 hana damu ya kugawa. Viroboto vya usoni vipake mafuta mazito ya kujipaka, viishiwe hewa. Kiotani, tandika nyasi kavu juu ya jivu baridi la kuni. Weka pia beseni pana la jivu na mchanga mkavu chini ya paa, kuku wajifukie wenyewe. Agroveti wana poda ya chawa, nayo ni nzuri, ila fuata kipimo.

Chakula cha wiki hizo 4 ndicho mahali ambapo ningekushauri utoe pesa. Nunua chakula cha vifaranga kilichochanganywa kiwandani; kifaranga mmoja hamalizi kilo nzima hadi wiki ya 4, kwa hiyo kwa 30 si mzigo wa kutisha. Shida ni kwamba mama atakimaliza yeye. Chukua tenga, ligeuze, lipandishe juu ya mawe matatu kiasi cha kifaranga kupita na mama kubaki nje, chakula kiwe ndani. Yeye mpe mahindi yake pembeni. Mahindi yenye ukungu, yale mnayosema "haya ni ya kuku", msiwape. Sumu kuvu inaua kuku polepole na inarudi kwako kwenye yai.

Wakishapita mwezi, ndipo ujuzi wa kizamani unapolipa. Mchwa, Mwalimu! Jioni tafuta njia ya mchwa, ikwangue juu, kisha jaza chungu kibovu mabua makavu na samadi iliyoloweshwa kidogo, ukifunike juu ya njia hiyo na ukizungushie majani kivuli kisikauke. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, chungu kimejaa mchwa. Kikung'ute mbele ya kuku. Ni protini ya bure, na hakuna kuku atakayehitaji kuitwa mara ya pili. Wadogo sana wasipewe wale askari wenye vichwa vikubwa, wanauma. Msimu wa kumbikumbi najua mtawagombania na kuku, sina la kusema. Miezi isiyo na mchwa, ponda omena kavu na uchanganye na mahindi au mtama uliosagwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa omena kavu ni protini, ila chagua isiyo na mchanga. Mboga za majani zinazobaki jikoni zifunge kwa kamba zining'inie, wasizikanyage.

Banda lisikusumbue sana. Sakafu iwe kavu, hilo ndilo kubwa, kwa sababu kwenye unyevu ndiko kuhara damu kunakoanzia, hasa kwa vifaranga kuanzia wiki ya 3. Ukiona damu kwenye kinyesi, kimbia kwa agroveti siku hiyohiyo, dawa ipo na inafanya kazi. Liinue juu ya nguzo, kuku wasizidi 5 au 6 kwa mita moja ya mraba, upepo upite juu ya vichwa vyao. Na waondoke jikoni kwako. Najua kuku kulala jikoni ni desturi, lakini panya nao wanalala hapo.

Nirudi kwa mama mkwe. Katika ujuzi wa kizamani, jivu ni la kweli, tenga ni la kweli, na kama aliwahi kukufundisha hayo au chungu cha mchwa, mshukuru. Shubiri na pilipili hazitibu kideri. Kuku waliokunywa na wakapona wangepona tu, na wakati unachemsha majani ugonjwa unaruka kwa jirani. Makaa ya radi hayana madhara, yaweke kama yanaleta amani nyumbani. Mayai yanayoharibika msimu wa radi, na sehemu zetu hizi karibu na Ziwa Victoria radi si haba, huharibiwa na mambo ya karibu zaidi: paa linalovuja juu ya kiota, au mtetea aliyeshtuka usiku akatoka, mayai yakapoa hadi asubuhi. Sogeza kiota mahali pakavu, penye giza, mbali na mlango unaobamizwa na upepo.

Hukuuliza kuhusu kienyeji walioboreshwa, lakini mtu atakushawishi, kwa hiyo niseme. Hutaga zaidi na hukua haraka, ila wengi hawana hamu ya kulalia. Usiuze mitetea wako kwa ajili yao. Nunua mayai yao yenye mbegu na uyaweke chini ya mitetea wako wa sasa, ambao ni walezi waliothibitika. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo chao Kakamega kinachoshughulikia kuku na nguruwe. Ukienda mjini, pita uulize kilichopo. Jogoo nao badilisha, kila mwaka mmoja, atoke mbali na ukoo wa kuku wako. Kwa mitetea 9 jogoo mmoja anatosha, wa pili anakula bure na kupigana.

Kuhusu kijana: akisisitiza kutuma kitu, atume wavu, mabati machache ya paa la kijumba cha vifaranga, na pesa za chanjo ya Novemba. Siku utakapoona kwamba katika vifaranga 30 wamefika miezi 3 wakiwa 20 na zaidi, tena mizunguko miwili mfululizo, nitakuwa wa kwanza kukuambia uipokee mashine. Mwambie wavu uwe wa matundu ya nusu inchi angalau kwa futi mbili za chini. Ule wa matundu mapana wa kuzungushia shamba ni wa bei nafuu, lakini kifaranga hupita akatoka na panya hupita akaingia.